Kompyuta ya Zamani Inaganda Ukiwa Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi kompyuta za mezani za kati ya 2008 na 2014: zile zilizomaliza kazi maofisini Ulaya au Dubai, zikaletwa kwa kontena na kuuzwa Kariakoo jijini Dar, Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwingineko. Nyingi zina prosesa ya Core 2 Duo au Core i3 na i5 za mwanzo, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 2 au 4, na diski ya kuzunguka ya GB 160 hadi 500. Mwenye kompyuta mpakato ya umri huo atafaidika pia, isipokuwa pale tunapofungua kasha.

Nitajuaje kama kinachoganda ni intaneti au kompyuta yenyewe?

Usikimbilie kuzima. Ikiganda, sogeza kipanya. Kisha bonyeza Caps Lock mara mbili tatu huku ukiangalia kitaa chake kwenye kibodi. Mwisho bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, usubiri hata dakika 2 dirisha la Task Manager litokee.

Kama mshale unatembea vizuri na programu nyingine zinafunguka, ila ukurasa ndio unazunguka tu, shida ni intaneti. Kama mshale unarukaruka, taa ya diski inawaka mfululizo, na Task Manager inatokea baada ya muda mrefu, shida ni RAM ndogo au diski. Kama mshale umekufa, kitaa cha Caps Lock hakibadiliki, na sauti ya video imekwama kwenye mkwaruzo mmoja usiokoma, mashine imeganda kabisa. Hapo washukiwa ni joto, RAM mbovu, umeme au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa.

Hali hizi tatu zina tiba tofauti kabisa. Watu wengi hununua bando kubwa zaidi kutibu tatizo la RAM, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika.

Kupima intaneti, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, utazame namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping -t ikifuatiwa na namba hiyo. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Acha zote mbili ziendelee huku unatumia mtandao kama kawaida. Ruta ikikosa kujibu, tatizo liko kwenye Wi-Fi au waya wa nyumbani. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 ikaleta Request timed out, tatizo liko nje ya nyumba yako. Zote mbili zikijibu wakati kivinjari kimeganda, usimpigie simu mtoa huduma. Tatizo unalo mezani.

Mbona Word na Excel zinakwenda vizuri, inakwama nikiingia mtandaoni tu?

Kwa sababu kivinjari ndiyo programu nzito kuliko zote ulizonazo. Kila kichupo (tab) hujitegemea ndani ya RAM. Ukurasa wa habari wenye matangazo, Facebook au YouTube unaweza kula MB 200 hadi 500 peke yake. Windows 10 ikishawaka tu imeshachukua zaidi ya GB 1. Kwenye mashine ya GB 2, vichupo vitatu vinatosha kuijaza.

RAM ikijaa kompyuta haisimami. Inaanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye faili maalumu ndani ya diski, kisha kuirudisha inapohitajika. Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika huchukua kama milisekunde 10 kufikia kipande kimoja cha data, kwa hiyo ni vipande 100 hivi kwa sekunde. RAM hufanya kazi hiyohiyo kwa nanosekunde. Kule kukwaruza unakokusikia ndani ya kasha ni kichwa cha diski kikikimbia huku na huko. Kompyuta haijafa, iko kwenye foleni.

Naionaje hiyo foleni?

Fungua Task Manager kabla ya kuingia mtandaoni, nenda Performance. Angalia Memory: kama imeshapita asilimia 70 hujafungua chochote, umeshapata nusu ya jibu. Bofya Open Resource Monitor chini kabisa, halafu kichupo cha Memory, utazame grafu ya Hard Faults/sec. Sasa fungua kurasa zako za kila siku, mmoja baada ya mwingine. Grafu hiyo ikipanda na kukaa juu ya mamia palepale mashine inapoanza kusuasua, RAM haitoshi. Ikiruka kidogo na kushuka, ni kawaida.

Niongeze RAM kiasi gani, na ya aina gani?

GB 4 ni ya kuponea chupuchupu, GB 8 inatosha matumizi ya nyumbani. Zaidi ya hapo kwenye mashine ya umri huu ni kupoteza pesa.

Aina ndiyo huwaangusha wengi. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zote zina pini 240, lakini mkato wa chini uko mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani. Ukiona unalazimisha, simama. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L 1.35. Soma stika iliyo kwenye RAM ya sasa: PC2 maana yake DDR2, PC3 maana yake DDR3, PC3L ni ile ya volti ndogo. Windows 10 itakuonyesha idadi ya sloti pale Performance, Memory, kwenye mstari wa Slots used.

Mazabodi, ile bodi kuu ndani ya kasha, nayo ina kikomo. Zile za chipseti ya Intel G31 haziendi zaidi ya GB 4, hata ufanyeje. Tafuta modeli ya mashine yako kwenye tovuti ya kiwanda kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna mtego sokoni: RAM za bei ya kutupa za GB 4 zinazofanya kazi kwenye mazabodi za AMD tu. Ukiichomeka kwenye mashine ya Intel haiwaki kabisa, au inapiga mlio tu. Muulize muuzaji kabla hujalipa, na ikiwezekana nenda na kasha lenyewe iwashwe mbele yako.

Nimeweka GB 4, inasoma 3.25 tu. Nimeibiwa?

Hapana. Huenda una Windows ya biti 32. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, usome System type. Ya biti 32 haiwezi kutumia GB 4 nzima, maana sehemu ya anwani zake huchukuliwa na kadi na vifaa vingine. Kuhamia biti 64 ni lazima kusakinisha upya; hakuna njia ya kupandisha tu juu kwa juu. Nakili mafaili yako kwanza.

Disk inasoma asilimia 100 hata RAM ikiwa haijajaa. Kwa nini?

Ama kuna kazi ya nyuma ya pazia, kama masasisho au ukaguzi wa virusi, ama diski inachoka. Tofauti utaiona hapohapo Performance, kwenye Disk. Average response time ya milisekunde 20 au 50 wakati wa kazi nzito haina neno. Ukiona 1000, 3000, huku kasi ya kusoma haifiki hata MB 1 kwa sekunde, diski hiyo inajaribu kusoma sehemu iliyoharibika, inashindwa, inarudia.

Thibitisha kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kukagua afya ya diski. Mistari ya kuangalia ni mitatu: 05, sekta zilizohamishwa, C5, sekta zinazosubiri uamuzi, C6, sekta zisizosomeka tena. Zote zinatakiwa kuwa sifuri. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri na inaongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Mstari wa C7 ni habari nyingine: huo mara nyingi ni waya wa SATA, unaounganisha diski na mazabodi, uliolegea au kuchakaa. Badilisha waya wa bei ndogo kabla hujalaumu diski.

Hapa ndipo kosa la gharama hufanyika. Mtu anaona diski inasumbua, anaandika chkdsk C: /r usiku, analala. Amri hiyo inasoma diski nzima toka mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa inaweza kumalizikia hapo. Nakili picha na nyaraka kwanza. Hiyo chkdsk itasubiri.

SSD itasaidia kwenye mashine ya zamani namna hii?

SSD, ile diski isiyozunguka, itasaidia kuliko kitu kingine chochote utakachonunua, RAM ikishafika GB 4. Hata kama mazabodi ina SATA ya kizazi cha pili, yenye kikomo cha karibu MB 300 kwa sekunde, faida haiko kwenye kasi hiyo. Iko kwenye kule kufikia vipande vidogovidogo bila kusubiri sahani izunguke.

Nunua ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256. Haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hata ukiibandika kwa utepe wa gundi ndani ya kasha itafanya kazi. Kabla ya kusakinisha Windows upya, ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uhakikishe SATA iko kwenye hali ya AHCI. Kama Windows ya zamani ilisakinishwa kwenye hali ya zamani ya IDE, usibadilishe kienyeji huku ukiitegemea iwake, italeta skrini ya bluu. SSD za majina yasiyojulikana zenye ukubwa wa ajabu kwa bei ndogo, zipime kwa programu ya H2testw siku hiyohiyo: kuna zinazosema GB 500 kumbe zina 64.

Inaganda kwenye video tu, hasa YouTube.

Bofya kitufe cha kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, usome mstari wa Codecs. Ukiona av01 au vp09, umeshajua. Huo ni mtindo mpya wa kubana video ambao kadi za picha za zamani haziujui. Intel ilianza kufungua VP9 (ndiyo hiyo vp09) kikamilifu ndani ya kadi zake kwenye prosesa za kizazi cha 7. Mashine yako inalazimika kuitafuna kwa prosesa yenyewe, ikifika asilimia 100 picha inasimama sauti inaendelea.

Weka h264ify, kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha kivinjari. Kinaiambia YouTube ilete H.264, ambayo kadi nyingi za kuanzia 2010 zinaifungua zenyewe. Ukirudia kuangalia utaona avc1, yaani hiyo H.264. Kwenye Core 2 Duo shusha pia hadi 480p.

Kinyume chake kipo: draiva mbovu ya kadi ya picha hugandisha mashine nzima mara tu video inapoanza. Kwenye Chrome nenda Settings, System, uzime mstari unaohusu graphics acceleration, uwashe kivinjari upya. Kuganda kukiisha, tatizo ni draiva. Tafuta ile ya kiwanda cha mashine badala ya ile iliyowekwa na Windows Update.

Kivinjari chenyewe nikirekebishe vipi?

Bonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome. Utaona kila kichupo na kiendelezi kinakula nini. Kwenye Firefox andika about:processes. Toa viendelezi usivyovijua, hasa vya kuponi, vya kubadilisha ukurasa wa kutafutia, na vya kupakua video. Kwenye Chrome washa Memory Saver. Kizuia matangazo kimoja ni dawa ya kweli kwa mashine ndogo, kwa kuwa matangazo ya video hula RAM kuliko habari unayosoma. Viwili vinagombana.

Inaganda baada ya nusu saa, nikiizima ikapoa inarudi sawa.

Hilo ni joto hadi lithibitike vinginevyo. Dar au Mombasa chumba chenyewe kina digrii 30 na zaidi, na mashine hizi zilikuwa zikikaa kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Weka HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, uangalie prosesa. Digrii 60 hadi 75 ukiwa kazini ni sawa. Ikipita 90 prosesa hujipunguza kasi yenyewe, na ikifika kama 100 inaganda au kuzima ghafla.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Fungua kasha. Vumbi unaloliona juu ya feni silo linaloua mashine. Tatizo ni blanketi lililojificha kati ya feni na mapezi ya kipoza joto, la kijivu, limeshikana kama sufi ya mto. Toa feni uling'oe kwa brashi laini, kisha pulizia. Shika panga za feni kwa kidole wakati wa kupulizia, maana zikizunguka kwa upepo mkali zinaharibu beringi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ndani ya kasha. Bomba lake hujenga umeme tuli.

Kipoza joto ukikitoa, pesti ya zamani itakuwa imekauka kama chokaa. Futa kwa kitambaa na spiriti ya isopropili, weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa, ukibane. Vipoza joto vya Intel vyenye miguu minne ya plastiki ubane kwa kukatiza, pembe kwa pembe, kisha geuza mazabodi utazame kama miguu yote imetokeza nyuma. Mguu mmoja usipoingia, joto litakuwa baya kuliko kabla hujagusa.

Nikiwa nimefungua kasha, niangalie nini kingine?

Kapasita, vile vimkebe vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Juu panatakiwa pawe bapa. Palipovimba, au penye ukoko wa kahawia, kapasita hiyo imekwisha na mashine itaganda bila mpangilio. Fundi mzuri wa kulehemu anazibadilisha.

Pawa saplai ipime kwa mita mashine ikiwa inafanya kazi: waya wa njano isome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikitoka nje ya hapo, badilisha nzima. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani inabaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Na kama inaganda jioni tu, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu, pima pia soketi ya ukutani kabla ya kununua chochote.

Inaganda nikichomeka modemu ya USB.

Hamishia bandari za nyuma. Za mbele zimeunganishwa kwa kawaya kembamba, na modemu ikitafuta mtandao huvuta umeme mwingi karibu na kikomo cha miliampia 500 cha USB 2.0. Usitumie waya mrefu wa kuongezea. Ikiendelea, ondoa ile programu iliyokuja na modemu, au tumia simu kushea intaneti kwa waya wa USB.

Bando linaisha na mashine inakwama kila nikiwasha asubuhi.

Masasisho yanashuka. Nenda Settings, Network, chagua muunganisho wako, washa Metered connection. Halafu tenga siku moja kwa wiki uyaache yashuke yote. Ukiyazima moja kwa moja utaleta balaa jingine.

Antivirasi mbili si ni bora kuliko moja?

Zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe, na kila faili linasomwa mara mbili. Baki na Defender, iliyomo tayari ndani ya Windows. Prosesa ikiwa asilimia 80 na zaidi bila wewe kufanya kitu, endesha Microsoft Defender Offline scan, ambayo huwasha mashine upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Zile programu za kusafisha rejista na kuongeza kasi, ziondoe.

Kurasa zote zinakataa kufunguka, zinasema muunganisho si salama.

Angalia tarehe pembeni ya skrini. Kama imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imekwisha. Badilisha, rekebisha saa, basi.

Kuna jaribio moja la kutenganisha Windows na vifaa?

Lipo, na ndilo tunalolipendekeza kabla ya kutoa hata shilingi. Weka Linux Mint Xfce (mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows) kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus. Washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, uchague flashi. Usisakinishe; chagua kuijaribu tu. Chomoa waya wa diski kabisa ukitaka uhakika zaidi. Ingia mtandaoni saa nzima. Ikiganda kabisa huku pia, tatizo ni RAM mbovu, joto, umeme au mazabodi. Ikikaa imara, ni Windows, draiva zake au diski. Kumbuka tu kwamba mfumo wa kwenye flashi hukaa ndani ya RAM, kwa hiyo mashine ya GB 2 fungua kichupo kimoja kimoja.

Kwa RAM yenyewe, endesha programu ya kuipima ya MemTest86+ mizunguko minne. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Ukiwa na vijiti viwili, pima kimoja kimoja.

Nibaki na Windows ipi?

Windows 7 iliachwa Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109. Windows 10 nayo ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kuna masasisho ya usalama ya kujiandikisha hadi Oktoba 2026. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8, hivyo mashine hizi hazimo kwenye orodha. Kama kazi yako ni barua pepe, video, benki na kuchapa, ile Linux Mint ya kwenye flashi inaweza kubaki kuwa ndiyo mfumo wako. Yenye DDR2 na Core 2 Duo, usiitilie RAM ya bei ghali. Weka hizo pesa kwenye mashine ya ofisini yenye i5 ya kizazi cha 4.

Nikimpelekea fundi, nimwambie nini?

Mwambie kama mshale hutembea ikiganda, kitaa cha Caps Lock kinafanya nini, inachukua dakika ngapi tangu kuwashwa, prosesa ilikuwa digrii ngapi, na namba za 05, C5 na C6. Na umwambie kwa maandishi asifute diski kabla hujathibitisha nakala ya mafaili yako inafunguka kwenye kompyuta nyingine.